Pikipiki Kuukuu Ina Raha Yake na Daftari Lake

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Walimcheka mtu anayekikimbilia kitu kwa kuwa tu ni kipya. Lakini, ndugu msomaji, yuko mtu wa pili ambaye naye anastahili kuzungumzwa: yule anayeshikamana na kitu kikuukuu, akakipangusa, akakitia mafuta, akakisifia mbele ya wageni, na mwisho wa mwezi akajiuliza mshahara umekwenda wapi.

Katika mji wetu wa Morogoro watu wa namna hii si haba. Utawakuta Jumamosi alasiri wamechuchumaa kando ya pikipiki iliyoundwa kabla wao hawajazaliwa, spana mkononi na nati mdomoni, watoto wamewazunguka wakishangaa. Mimi ni mmoja wao. Leo napenda tulizungumze jambo hili bila kulipamba: raha ya chombo cha zamani ni ipi, gharama yake ni ipi, na ni nani nyumbani anayeilipa.

Nasema "nyumbani" kwa makusudi. Mwanamume aghalabu husema "pikipiki yangu". Lakini fedha ya tairi na pistoni haina mfuko wake wa peke yake. Inatoka katika mfuko ule ule unaonunua unga, sabuni na madaftari ya shule. Kwa hiyo chombo ni cha nyumba nzima, hata kama anayekiendesha ni mmoja.

Urithi wa mjomba

Pikipiki ninayoizungumzia ni Honda CG 125 ya mwaka 1982. Ilikuwa ya mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye alifanya kazi ya ubwana shamba katika Tarafa ya Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, sehemu ambayo leo imo katika Wilaya ya Mvomero. Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Basi mwaka 2016, mjomba alipoona magoti yake hayawezi tena kupiga kiki, hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba chombo kimekuja kwangu.

Pamoja na pikipiki lilikuja sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na pointi, plagi, balbu za volti 6, kebo za klachi, ringi za pistoni na gasketi, kila kimoja kimefungwa katika kipande cha gazeti na kuandikwa kwa kalamu ya risasi. Mjomba alivikusanya kidogo kidogo tangu miaka ya themanini. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka miaka ile. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na baada ya bei ya mafuta duniani kupanda, fedha za kigeni zilikuwa haba. Petroli ilipatikana kwa mgawo, magari yalikatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali, na spea zilikuwa kama lulu. Tairi lililochanika lilishonwa. Tyubu ilibandikwa viraka mpaka viraka vikawa vingi kuliko tyubu yenyewe. Aliyepata ringi mbili alitumia moja na kuificha ya pili.

Mji wa Morogoro unajua vizuri maana ya mashine isiyotunzwa. Kiwanda chetu cha viatu kilianza kazi mwaka 1980 kikiwa na mashine za kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikupata kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo huo, na mwaka 1990 kilifungwa. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini mashine kuharibika na spea kukosekana ilikuwa mojawapo. Wakati huo huo, bwana shamba mmoja alikuwa akipanda na kushuka mlima kila wiki kwa chombo cha injini ndogo, kwa sababu ya sanduku la mbao na mazoea ya kubadili oili. Sisemi kwamba kiwanda na pikipiki ni sawa. Nasema kwamba kununua chombo ni kazi ya siku moja, na kukitunza ni kazi ya kila siku iliyobaki.

Kwa nini imeishi

Si kila pikipiki ya umri huo ingali hai. Pikipiki nyingi za zamani zilizokuwa zikichanganyiwa oili katika petroli zimebaki fremu tu nyuma ya nyumba, kuku wakilalia tangi. Hii ya mjomba ina siri yake, na siri hiyo ilianzia kwa walioiunda.

Honda walipoitoa CG 125 mwaka 1976, walikuwa wamekwisha kuwatuma wahandisi wao kwenda kuangalia jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi ambamo chombo hicho ni cha kazi na si cha matembezi. Waliona kwamba pikipiki hubeba mizigo kuliko kipimo, hupita katika vumbi na matope, na oili hubadilishwa kwa nadra. Hawakuwakemea wenye pikipiki, waliibadilisha injini. Katika injini nyingi za wakati huo kulikuwa na cheni ndogo ya ndani inayoendesha valvu kutoka juu, ambayo hulegea na kufa upesi isipotunzwa. Wao wakarudi kwenye utaratibu wa zamani wa kutumia fito mbili za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini. Cheni ya nje, ile ya gurudumu la nyuma, wakaifunika kwa bati pande zote ili matope yasiifikie. Oili inayohitajika ni kama lita moja tu, na chujio lake ni la waya: unaliosha, unalirudisha.

Matokeo yake ni injini ambayo fundi wa kawaida anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya jua kuzama. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08, na mwenye kipimo chembamba cha bati, spana na subira anaweza kuiweka sawa mwenyewe.

Baadaye viwanda vya China viliunda injini nyingi sana kwa mfano huo huo. Pikipiki hizo zilipoingia nchini kwa wingi, na hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuziruhusu kubeba abiria kwa leseni, ile injini ya mjomba ilipata wajukuu katika kila kijiwe cha bodaboda. Hapo ndipo uzee wake ulipopata nafuu. Leo ukiharibikiwa Mlali au Mzumbe, haupiti muda kabla hujampata kijana anayeujua moyo wa injini hiyo kama anavyoujua mfuko wake. Klachi, pistoni na gasketi za wajukuu, nyingi zinamkaa babu.

Mlimani

Sasa tuseme raha yake. Mji wa Morogoro uko yapata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka mjini kwa barabara ya Iringa, ukakata kushoto Sangasanga, ukapita Mzumbe, ukafika Mlali, mpaka hapo unaendesha kama watu wengine. Kutoka Mlali mlima unaanza kukuuliza maswali. Barabara inajikunja, bonde linabaki chini ya kiatu chako cha kushoto, kisha chini ya kile cha kulia, na ukifika Nyandira umekwisha kupita mita 1,500. Joto la mjini umeliacha nyuma. Hewa inanukia udongo mbichi na moshi wa kuni, na pande zote ni matuta ya njegere, karoti na kabichi ambazo kesho yake zitakuwa sokoni Morogoro na Dar es Salaam.

Mwenye pikipiki mpya huuona mlima huo. Mwenye pikipiki kuukuu huusikia. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyembamba, na kabureta haina akili ya kulijua hilo; inaendelea kumimina petroli ile ile. Moto unakuwa mzito, plagi inaanza kuwa nyeusi, na nguvu inapungua yapata sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Masikio yako yanakuambia wakati wa kurudisha gia kabla injini haijaanza kulalamika. Kushuka nako kuna elimu yake. Breki za chombo hiki ni za ngoma, na ukizikamata mfululizo kwenye mteremko zinapata moto na kulegea. Mjomba alinifundisha sheria moja ambayo madereva wa milimani wote wanaijua: gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe. Mkono ubaki kwenye breki kwa tahadhari, lakini kazi aifanye injini.

Raha hii ya kukielewa chombo haiuzwi dukani. Katika maisha ya mjini tunatumia vitu vingi ambavyo hatujui vinafanyaje kazi. Simu ikifa, tunanunua nyingine. Luninga ikizima, tunaipigapiga ubavuni kisha tunakata tamaa. Lakini kwa pikipiki ya namna hii, kila mlio una maana, na kila maana ina dawa yake. Mtu akitoka kazini amechoka na mambo yasiyokuwa na mwisho, anaweza kukaa na kabureta kwa saa moja, akaisafisha, akairudisha, akapiga kiki, akasikia kwamba jambo moja angalau limetengemaa.

Kuna raha ya pili ambayo sikuitarajia. Siku za mwanzo nilipokuwa nikienda kumwona mama mzazi, ambaye anaishi kule juu, watu wazima walikuwa wakitoka mashambani na kusimama kando ya njia. Mzee mmoja alinisimamisha akaniuliza, "Hii si pikipiki ya bwana shamba?" Hakuwa ameiona vizuri, aliusikia mlio wake. Kisha akanieleza jinsi mjomba alivyomletea mbegu za viazi katika mvua, mfuko umefungwa nyuma ya kiti kwa mpira wa tyubu. Tangu hapo, njia ile ina watu wanaonipungia mkono kwa ajili ya kazi aliyoifanya mtu mwingine. Huo nao ni urithi, na una wajibu wake: huwezi kumpita mzee aliyebeba mzigo mlimani ilhali umepanda chombo ambacho yeye anakijua kuliko wewe.

Daftari

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na jioni hushona nguo za watu ili kuongeza kipato. Hana ugomvi na pikipiki. Ila ana tabia ya walimu: kinachohesabika, kihesabiwe. Mwezi wa Julai 2023 alinunua daftari la kurasa 48, akaandika juu yake neno "Pikipiki", akasema kwamba tutafuata mwaka wa fedha wa Serikali, Julai hadi Juni, ili pasiwe na malalamiko. Petroli hakuiandika, kwa maelezo kwamba hata pikipiki mpya inakunywa, na hii yetu haina ulevi: inakwenda zaidi ya kilomita 35 kwa lita. Aliandika matengenezo tu.

Mwisho wa Juni 2024 alinisomea. Oili mara 6, shilingi 72,000. Plagi 3, shilingi 15,000. Brekishuu jozi 2, shilingi 20,000. Cheni na spoketi zake, shilingi 35,000. Tairi la nyuma na tyubu, shilingi 65,000. Kebo 2, shilingi 10,000. Betri, shilingi 40,000. Pistoni, ringi, gasketi na kuchonga silinda, shilingi 95,000. Ufundi kwa mwaka mzima, shilingi 88,000. Jumla ilikuwa shilingi 440,000.

Kwa wafanyakazi wa kipato chetu hizo si fedha za kutupa. Wakati huo mke wangu alikuwa akidunduliza kununua cherehani yenye mota, kwa kuwa ile ya kukanyaga ilikuwa inamuumiza mguu na kumchelewesha kazi za wateja. Kila mara alipokaribia, daftari lile lilikuwa limepata mstari mpya.

Hata hivyo, si shilingi 440,000 iliyonifanya ninyamaze. Pembeni alikuwa amechora safu nyingine, na juu yake ameandika "Jumamosi". Alikuwa amehesabu Jumamosi zote ambazo chombo kilifunguliwa uani tangu asubuhi mpaka giza. Zilikuwa 19. Akasema kwa upole, "Fedha tutaitafuta, baba watoto. Lakini hizi Jumamosi, watoto watazidai kwa nani?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye gharama ambayo wapenzi wa vyombo vya zamani hatuiandiki. Tunahesabu bei ya ringi, hatuhesabu saa. Na tunapolinganisha pikipiki kuukuu na mpya, ambayo ingetugharimu zaidi ya milioni mbili, tunajipongeza kwa kuokoa fedha, kana kwamba alasiri za baba hazina bei.

Lakini mke wangu ni mtu wa haki. Katika daftari hilo hilo, ukurasa wa Aprili 2024, kulikuwa na mstari mmoja ambao hakuusoma kwa sauti, niliuona mwenyewe. Masika ya mwaka ule mvua za El Niño zilinyesha kupita kiasi katika sehemu nyingi za nchi. Njia ya mlimani iliharibika, na kwa siku kadhaa gari za abiria hazikuweza kupanda. Mama alikuwa amebakiwa na dawa za shinikizo la damu za siku mbili. Nilizibeba ndani ya koti, nikapanda kwa gia ya kwanza, mahali pengine nikisukuma chombo kwa mikono katika matope yanayofika kwenye vifundo vya miguu, na zikafika. Mke wangu alikuwa ameandika: "Dawa za mama. Zilifika." Katika safu ya bei hakuandika kitu.

Neno la mjomba

Tulikubaliana kwamba kabla ya kuamua kuuza au kutouza, tumwendee mwenye mali ya asili. Tulipanda Langali wote wawili, kila mmoja na kofia yake ngumu, watoto tukawaacha kwa jirani. Mke wangu alisema yeye mwenyewe, kwa adabu, kwamba hatutaki kumvunjia heshima mjomba, lakini chombo kinakula na nyumba ina mahitaji.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataanza habari za urithi na ukoo. Badala yake alimwambia mke wangu, "Mama, mkitaka kuiuza, iuzeni. Ila mmuuzie mtu pamoja na sanduku lake. Msimpe mtu pikipiki bila sanduku, mtakuwa mmemtupia mzigo."

Kisha akanigeukia mimi. "Silinda imefika saizi gani?"

Nikamjibu, "Sabini na tano, mjomba."

"Basi imebaki moja," akasema, akanyanyuka kwenda kuangalia mbuzi wake.

Nieleze maana yake. Tundu la silinda ya injini hii lina upana wa milimita 56.5 likiwa jipya. Pistoni inapolisugua kwa miaka, linapanuka, injini inaanza kula oili, na moshi wa bluu unatoka nyuma. Dawa yake ni kulichonga kwa mashine na kuweka pistoni pana zaidi. Pistoni hizo huja kwa hatua nne: 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1.00. Mjomba alikwisha kutumia mbili. Mimi nilitumia ya tatu katika mwaka ule wa daftari. Baada ya ya nne, ni kutafuta silinda nyingine. Injini ina hesabu yake kama sisi wenye nayo.

Masharti ya nyumba

Tuliporudi mjini tuliketi, tukaandika masharti nyuma ya daftari. Nayatoa hapa kwa kuwa najua nyumba nyingi zina mjadala huu huu, iwe juu ya pikipiki, gari la zamani, redio au mashua.

Kwanza, chombo kina kasma yake: shilingi 40,000 kwa mwezi, basi. Zikibaki, zinasubiri mwezi wa shida. Zikiisha, pikipiki ndiyo inayosubiri, na mwenyewe ataenda kazini kwa daladala kama wananchi wenzake.

Pili, Jumamosi ya chombo ni moja kwa mwezi, ya kwanza. Nyingine ni za watoto. Kazi inayozidi ujuzi wangu inakwenda kwa fundi wetu wa Mafiga, hata kama najua kwamba ningeweza kuifanya kwa siku mbili. Malipo ya fundi ni nafuu kuliko alasiri hizo.

Tatu, hakuna mishikaki. Kiti ni cha watu wawili na kofia ngumu ziko mbili. Watoto wakienda kwa bibi, wanakwenda kwa gari. Mlima ule hausamehe, na taa ya volti 6 usiku haina tofauti kubwa na kibatari. Kwa hiyo jua likizama, chombo kinalala tulipo.

Nne, petroli haiingii ndani ya nyumba, wala katika chupa ya maji, wala katika kopo la kusafishia vyuma karibu na jiko la mkaa. Morogoro hatuhitaji kufundishwa jambo hili mara ya pili. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa vijana, na baadhi yao ni waendesha bodaboda waliofika na vyombo vyao. Kila mwenye pikipiki mjini hapa alimjua mtu, au alimjua anayemjua.

Tano, spea hainunuliwi kwa sura ya boksi. Katika mwaka ule wa daftari, duka moja liliniuzia plagi iliyofungwa vizuri na kuandikwa jina kubwa; ilikufa katika wiki ya tatu. Tangu hapo, fundi hununua mwenyewe kwa mtu anayemfahamu, na kifaa cha zamani kinarudi nyumbani ili tulinganishe. Kile kinachofaa kuokolewa kinaingia kwenye sanduku la mjomba, kimefungwa katika gazeti na kuandikwa tarehe.

Kwa yule anayefikiria kununua chombo cha zamani, naongeza maneno machache. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi, uiwashe wewe mwenyewe. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto ana analoficha. Simama nyuma yake uangalie moshi. Mweusi ni kabureta, nayo ni kazi ndogo. Wa bluu ni ringi, na hiyo ni fedha. Uliza silinda imechongwa mara ngapi, asiyejua hakuitunza. Hakikisha namba za fremu na injini zinalingana na kadi. Ada ya leseni ya mwaka ya vyombo vya moto ilifutwa mwaka 2017, lakini bima haikufutwa, na ajali haimwulizi mtu kama chombo chake ni cha urithi. Mwisho, na hili ni kubwa kuliko yote, usinunue kabla mwenzako nyumbani hajajua bei yake ya mwaka mzima, shilingi na Jumamosi pamoja.

Cherehani ya mota ilinunuliwa Novemba 2024. Ilitangulizwa mbele ya tairi la mbele la pikipiki, ambalo lilikuwa limeanza kuwa kipara, na kwa wiki tano nilikwenda kazini kwa daladala. Nilisikia injini nyingi njiani katika wiki hizo, na nikajifunza kwamba mtu anaweza kukipenda kitu na bado akakiacha kimefunikwa turubai.

Pikipiki ingali inatembea. Mama ananitazamia Jumapili moja kwa mwezi, na daftari sasa limefika la pili. Ringi za pistoni ya saizi ya mwisho ziko ndani ya sanduku, na pistoni yenyewe fundi anaitafuta iliyo halisi. Siku moshi wa bluu utakaporudi tutaichonga silinda kwa mara ya nne, na siku hiyo mke wangu ataleta daftari, nami nitaleta sanduku, tukae tena tuone kama nyumba bado inaihitaji. Kwa sasa moshi ni mweupe asubuhi za baridi tu, na oili nimeipima jana: imo.